Wabudha wanaoketi na wanaokufa, na sisi tunaokusanya mchango wa matanga

#1 MamaShufaa

Wadau, habari za jioni. Mada hii nimekaa nayo muda mrefu na nitaandika sana, mnivumilie.

Mimi ni Mkristo. Najitolea kuwatembelea wagonjwa wa tiba shufaa hapa Nairobi, wale ambao daktari ameshaiambia familia kwamba ugonjwa hauponi, kilichobaki ni kutuliza maumivu na kumtunza mtu vizuri. Nilipokuwa natafuta wa kunifunza namna ya kuketi na watu hawa, nilikutana na mafunzo ya wahudumu wa kiroho wa Kibudha. Wanafanya kwenye hospitali na hospisi (vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiopona) kazi ileile ambayo kwetu hufanywa na kasisi wa hospitali. Sijabadili dini, lakini jinsi ninavyoingia wodini imebadilika kabisa.

Neno langu ni hili: sisi tunamheshimu sana marehemu, ila anayekufa tunamwacha peke yake.

Kuna mama mmoja alikuwa kitanda cha karibu na dirisha, mwili umeisha, akili timamu kabisa. Bintiye alinionyesha simu. Kikundi cha WhatsApp kilishafunguliwa, kina mwenyekiti, mweka hazina na nambari ya kutuma mchango. Watu wanabishana kuhusu basi la kwenda Murang'a na hema za kukodi. Kuna aliyeuliza kama picha ya mama akiwa amevaa kilemba cha buluu ndiyo itakayowekwa kwenye tangazo. Mama mwenyewe wakati huo anakunywa uji kwa kijiko, anauliza mbona Njeri haji. Njeri yumo kikundini, ameahidi elfu tano.

Sasa hawa Wabudha ni kina nani? Wengi tunaowasikia wako Marekani. Mwaka 1987, San Francisco, UKIMWI ukiua vijana kila wiki na watu wakiogopa hata kuwagusa, kuhani mmoja wa Zen, tawi la Ubudha linalosisitiza tafakuri ya kuketi, aitwaye Issan Dorsey alimchukua kijana mgonjwa asiye na makao akamlaza kwenye kituo chao cha ibada, mtaa wa Castro. Dorsey mwenyewe aliwahi kutumbuiza vilabuni na kutopea kwenye dawa za kulevya kabla ya kuvaa joho. Kile chumba kikawa hospisi ya Maitri. Yeye pia alikufa kwa UKIMWI, 1990. Mwaka huohuo wa 1987, mji huohuo, ukaanzishwa mradi wa Zen Hospice, ambao kiongozi wake Frank Ostaseski aliwafundisha watu wa kawaida kuketi na wanaokufa. Kule New Mexico kuna Joan Halifax wa kituo cha Upaya. Alianza kama mwanaanthropolojia na amefundisha madaktari na wauguzi kwa miaka mingi.

Msidhani ni watu wa kuwasha udi tu. Nchini Marekani, mhudumu wa kiroho anayetaka cheti kamili cha hospitali, awe Mkristo, Myahudi au Mbudha, anapita vipindi vinne vya mafunzo ya wodini, kila kimoja saa 400.

Nataka kusikia maoni yenu.

#2 Mlipakodi_Embakasi

Hilo la kikundi cha WhatsApp limenichoma kwa sababu nimo kwenye vikundi vitatu kama hivyo. Lakini dada, usitulaumu bure. Mtu ni kibarua Industrial Area, anatoka saa kumi na mbili jioni, na saa za kuwaona wagonjwa zimeshapita. Akikosa siku moja, kazi imeenda kwa mwingine. Mchango ndio mkono wake unaofika. Njeri huenda hana ubaya.

#3 MchungajiWaKayole

Nashukuru kwa mada. Niulize kwa heshima. Mimi nikiingia wodini nina habari njema mkononi: kuna ufufuo, kuna nyumba ya Baba. Mbudha haamini Mungu Muumba. Anamwambia nini mtu aliyebakiza siku mbili? Matumaini yake yako wapi? Na yeye mwenyewe anapata wapi maana ya kuishi, kama mwisho wa yote ni kuoza?

#4 MamaShufaa

Mlipakodi, umesema kweli kuhusu Njeri, na hilo la saa za kuona wagonjwa ni kilio cha wengi. Nimekusikia.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Swali lako ndilo kiini, nitalijibu polepole.

Kwanza, mhudumu wa Kibudha haingii wodini kumfundisha mgonjwa Ubudha. Hiyo ni kanuni ya kazi. Mgonjwa akiwa Mkristo akaomba Zaburi 23, anasomewa Zaburi 23. Akitaka kuungama, anatafutiwa padre. Imani ya mhudumu inafanya kazi ndani ya mhudumu mwenyewe, inamwezesha kukaa pale bila kutetemeka.

Inafanyaje? Wabudha wana tafakuri tano ambazo muumini hushauriwa kuzirudia mara kwa mara: nitazeeka wala sina pa kukwepea, nitaugua, nitakufa, nitatengana na kila ninachokipenda, na mali yangu halisi ni matendo yangu. Mtu anayekariri haya akiwa mzima, mwenye afya na mshahara, akifika kando ya kitanda cha anayekufa hakutani na kitu kigeni. Haoni bahati mbaya iliyomwangukia fulani. Anaona kitu kilichomo ndani yake pia, na hapo ile tabia ya kumhurumia mtu kutoka juu inakatika.

Kwenye nyumba za watawa wa Zen kuna ubao mnene wa mti unaning'inizwa karibu na mlango wa ukumbi. Unagongwa kwa nyundo ya mti kuwaita watu kwenye tafakuri. Juu yake yameandikwa kwa wino maneno ya kuwakumbusha kwamba jambo la kuzaliwa na kufa ni kubwa, muda unakwenda mbio, amkeni, msipoteze maisha. Nyundo hupiga palepale mwaka baada ya mwaka hadi ubao unabonyea, mwishowe unatoboka. Wanaishi na sauti hiyo alfajiri na jioni. Ndiyo sababu ukimuuliza mmoja wao maana ya maisha, mara nyingi hakupi hoja. Anakuambia yuko na nani leo na anamfanyia nini.

Kuhusu baada ya kifo, hawafanani. Wengi, hasa wa Tibet, wanaamini kuzaliwa upya na wanamsomea marehemu hadi siku 49. Wa madhehebu ya Ardhi Safi, ambao ni wengi sana China na Japani, hutaja jina la Buddha mwingine aitwaye Amida wakitumaini kupokewa naye. Baadhi ya watu wa Zen wanakwambia wazi kwamba hawajui, na hawaoni aibu kutojua. Kwa hiyo, Mchungaji, si sawa kusema wote hawana tumaini. Lakini wote wanakubaliana kwamba tumaini halitumiki kumnyamazisha mgonjwa. Mtu akisema "naogopa", halafu sisi tukarusha aya haraka haraka ili tusisikie hofu yake, hapo tumemwacha peke yake.

Kuna kisa kwenye maandiko yao ya kale nakipenda sana. Anathapindika, mfanyabiashara tajiri wa Savatthi, mji wa kale wa India, aliyemnunulia Buddha shamba la kukaa watawa, yuko kitandani anakufa. Anamwita Sariputta, mwanafunzi mkubwa wa Buddha, na Sariputta anakuja pamoja na Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia Buddha. Jambo la kwanza analouliza ni maumivu: yanapungua au yanazidi? Mgonjwa anasema yanazidi, kichwa kama kinapasuliwa kwa upanga, tumbo kama bucha anakata kwa kisu. Ameachwa aseme yote. Baada ya hapo tu ndipo Sariputta anamfundisha kulegeza mkono, asing'ang'anie macho, masikio, mwili, dunia hii wala ijayo. Mzee analia. Ananda anadhani amekata tamaa. Mzee anasema hapana, nalia kwa sababu miaka yote nimewahudumia watawa na sijawahi kufundishwa hivi, tafadhali wafundisheni na watu wa kawaida.

Huyo alipata maana kitandani pa kufia, wala hakupona.

#5 AbuRidhwani

Assalamu alaykum. Nimesoma yote. Sisi Waislamu tunaamini kila nafsi itaonja mauti, na anayekata roho tunamlakinia shahada, yaani tunamkumbusha aitamke, taratibu, bila kumsumbua. Kwa hiyo mtu kuwa na wa kumkalia kitandani ni jambo la dini yetu tangu zamani. Kuna hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu aliyoyasimulia Mtume, iko kwenye mkusanyiko wa Imamu Muslim: siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atasema, ewe mwanadamu, niliugua na hukuja kunizuru. Mja atauliza, nikuzuru vipi na Wewe ni Mola wa viumbe? Ataambiwa, fulani mja wangu aliugua, hukumzuru. Lau ungemzuru ungenikuta kwake.

Nilitaka kujua tu, hawa wenzetu wana neno kama hilo?

#6 MamaShufaa

Wa alaykum salaam, kaka. Wanalo, na linafanana hadi nilishtuka. Buddha alikuta mtawa mmoja anaharisha, amelala kwenye uchafu wake, wenzake wamemwacha kwa sababu hakuwa na faida kwao. Akamtuma Ananda alete maji. Buddha akamwagia, Ananda akamsafisha, wakamwinua mmoja kichwani mwingine miguuni, wakamlaza. Kisha akawaita watawa akawaambia: hapa hamna mama wala baba wa kuwauguza, msipouguzana ninyi kwa ninyi nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa. Na Mchungaji hapo juu anaijua Mathayo 25, pale Yesu anaposema nilikuwa mgonjwa mkaja kunitazama.

#7 NesiWaZamu

Niongee kama mtu wa wodini. Kazi ngumu si kufa kwa mgonjwa. Ni familia kunivuta kando kwenye korido: "Sista, usimwambie mama ni saratani." Mama naye ananivuta mkono usiku: "Binti, niambie ukweli, wanangu wasijue kwamba najua." Wote wanajua, kila mmoja anamlinda mwenzake, na siku zinaisha bila watu kuagana. Mashamba hayajagawanywa, deni halijasemwa, mtoto wa nje hajatajwa. Halafu mazishini ndipo moto unawaka.

Hao Wabudha wanasemaje? Ukweli usemwe tu?

#8 MamaShufaa

Sista, hapo umegusa penyewe. Wana kipimo cha zamani cha maneno: liwe la kweli, liwe na faida, na lije wakati wake. Uongo haupiti hata ukiwa wa huruma. Lakini na ukweli hautupwi tu kama jiwe. Kwa hiyo mhudumu haanzi na kutangaza. Anauliza: "Wewe mwenyewe unauonaje ugonjwa huu unakoelekea?" Halafu ananyamaza, ananyamaza kweli, hata dakika nzima. Mara nyingi mgonjwa anasema mwenyewe kile ambacho nyumba nzima inakificha, na uso unalegea.

Halifax anatumia misingi mitatu ambayo mwalimu wa Zen Bernie Glassman aliifanya msingi wa kundi lake: kutojua, kushuhudia, kisha kutenda kwa upendo. Mpangilio huo una sababu. Sisi tunaanzia kutenda. Tunaleta uji, maombi, mganga mwingine, tiketi ya India. Yote tunayafanya kwa upendo, ila mgonjwa hajaulizwa.

Na hilo la mazishi kuwaka moto, nani kasahau kesi ya yule wakili wa Nairobi, S.M. Otieno? Alikufa Desemba 1986 akazikwa Mei 1987, miezi mitano mwili uko mochari huku mjane na ukoo wakipigania atakapolazwa. Kesi ile ilikuwa na mambo mengi ya sheria na mila, siyapuuzi. Nasema tu kwamba nguvu tunazotumia juu ya mwili, tungetumia robo yake juu ya mtu akiwa bado anaongea.

#9 HoiNaUkweli

Mimi nasema hii ni anasa ya watu wenye bima. Hapa kwetu mtu anakufa na bili, maiti inazuiliwa mochari, familia inauza ng'ombe. Utaketi na kupumua taratibu wakati mhasibu anakungoja mlangoni?

#10 MamaShufaa

Sikubaliani, ingawa hasira yako naielewa na deni la hospitali ni uonevu unaostahili uzi wake. Tazama Japani. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami zilifagia pwani ya kaskazini mashariki, watu wapatao elfu ishirini wakafa au kupotea. Makuhani wa Kibudha walisoma ibada za maziko hadi sauti zikakauka. Mmoja wao, Taio Kaneta wa Miyagi, akaona kwamba waliobaki hawahitaji mahubiri. Akapakia kahawa na keki kwenye gari dogo akazunguka kwenye makazi ya muda, akiketi na watu waliopoteza nyumba, watoto, kila kitu. Hakuwauliza dini. Anawaacha walalamike, walie, wanyamaze. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Tohoku kikaanza kufundisha wahudumu wa namna hiyo, wa dini zote, na sharti moja kubwa ni kutomvuta mtu kwenye dini yako.

Hao hawakuwa watu wenye starehe. Kiti na kikombe, basi.

Hata hapa si jambo geni. Hospisi ya Nairobi ipo tangu 1990. Waliokuwa mjini miaka ya tisini wanakumbuka wagonjwa wa UKIMWI walivyofichwa vyumba vya nyuma, na akina mama wa makanisani walioingia humo kuwaosha, kabla serikali haijatangaza janga la kitaifa mwaka 1999. Hao walikuwa wahudumu wa kiroho bila cheti. Bibi zetu walijua kuketi. Tumelipoteza hivi karibuni tu, na linaweza kurudi.

#11 Mlipakodi_Embakasi

Swali la pembeni. Ni kweli wanachoma maiti?

#12 MamaShufaa

Wengi ndiyo, kwa sababu Buddha mwenyewe alichomwa, kule Kusinara, alipokufa akiwa na miaka 80 hivi. Si sharti lakini. Na hapa kwetu Wangari Maathai alichomwa Kariokor mwaka 2011, watu wakasema sana, leo wanasema kidogo.

#13 KijanaWaUmoja

Nimekuwa nikisoma kimya. Baba yangu yuko wodini, saratani ya koo, hawezi kumeza chakula kigumu. Ninafika hadi getini narudi. Mama anadhani nina shughuli. Ukweli ni kwamba sijui niseme nini nikifika. Naenda kesho. Mama Shufaa, nifanyeje?

#14 MamaShufaa

Mwanangu, asante kwa kusema. Sikiliza.

Zima simu kabla hujaingia. Usisimame miguuni pa kitanda, watu wengi husimama hapo kama wanatazama kitu kwenye maonyesho. Vuta kiti ukae macho yenu yawe sawa. Mguse mkono kama alivyozoea kuguswa na wewe. Kama baba yenu si mtu wa kushikwashikwa, weka tu mkono wako karibu na wake kitandani.

Mwambie ukweli wa kwanza ulio nao: "Baba, niliogopa kuja. Nimekuja." Huna haja ya hotuba. Halafu tazama kifua chake kinavyopanda na kushuka, na wewe taratibu pumua kwa mwendo huohuo. Hili nimelitoa moja kwa moja kwa Wabudha na ndilo ninalolitumia kila mara. Kama pumzi yake ni ya haraka sana usiifuate, shika yako iwe ndefu na tulivu.

Akisema "nakufa", usimwambie "usiseme hivyo." Muulize: "Baba, nini kinakusumbua zaidi ukifikiria hilo?" Pengine atataja mama yako, au ile ploti, au atataka kujua kama utamaliza chuo. Jibu unachokijua, usichokijua sema hujui.

Akitaka kusali, sali naye. Akitaka mpira wa jana, msimulie mpira wa jana.

Kwa wale waliouliza maana ya maisha: nadhani hawa wahudumu wanaipata hapo, kwenye kiti hicho. Mbudha anaamini kwamba hakuna aliyesimama peke yake, kwamba maumivu ya mwenzako hayana mpaka mkubwa na yako. Wengine huweka nadhiri ya kutoacha kiumbe chochote nyuma. Ukiweka nadhiri kubwa namna hiyo hutaimaliza kamwe, lakini kila asubuhi unajua pa kuanzia.

#15 NesiWaZamu

Kijana, naongeza ya kwetu. Koo likikauka usimlazimishe uji, utamwingia kwenye mapafu. Chukua shashi safi, ichovye maji, ikamue, mpanguse midomo na ndani ya mashavu kidogo kidogo. Mpake mafuta ya mgando midomoni, ila kama amewekewa oksijeni tuulize kwanza. Ukiona anakunja uso au anashika godoro, mwite nesi. Dawa ya maji ya mofini ipo, na kumpa kwa kipimo cha daktari hakumuui wala hakumfanyi mraibu. Mtu mwenye maumivu makali hawezi kuongea na mwanawe.

Akifika hatua ya kutojibu, endelea kuongea naye, huenda anasikia.

Na kuhusu saa za kuona wagonjwa: mwombe msimamizi wa wodi, kwa upole, mwambie mgonjwa wako yuko kwenye tiba shufaa. Sehemu nyingi tunamruhusu mtu mmoja wa familia kukaa nje ya saa hizo. Watu hawaulizi.

#16 KijanaWaUmoja

Nimenakili yote. Nitamwambia na Mama tupeane zamu, yeye mchana, mimi jioni nikitoka kazini.

#17 MchungajiWaKayole

Kijana, nitumie jina la wodi kwa ujumbe wa faragha. Alhamisi nitapita, na nitakuja bila mahubiri. Mama Shufaa, kanisani kwetu tuna wazee na akina mama wapatao kumi na wawili wanaotembelea wagonjwa, na hakuna aliyewahi kufundishwa. Unaweza kuja Jumamosi moja baada ya mkutano wa asubuhi?

#18 MamaShufaa

Nitakuja, Mchungaji. Nesi, ukipata ruhusa kazini twende wote, wewe uwafundishe ya midomo na mofini.

#19 NesiWaZamu

Jumamosi ya pili ya mwezi niko mapumziko. Wekeni hiyo.